Kumpima Mtu Usiyemjua

Kuchagua kati ya chema na kibaya si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuchagua kati ya watu ambao hakuna hata mmoja unayeweza kumwekea dhamana.

Mwaka 1988 nilipewa jukumu la kupanga timu ya mpira ya wanafunzi kutoka hapa Namanyere, iliyokwenda kushindana Sumbawanga. Golikipa, mabeki na washambuliaji hawakunisumbua. Tabu ilikuwa katikati. Viungo wakilegea, mabeki huelemewa na washambuliaji hukaa na njaa. Nafasi zilikuwa mbili, vijana watatu. Wa kwanza alikuwa mtulivu, hakosei sana wala hashangazi. Wa pili alikuwa fundi wa kugawa mipira, ila goti lake lilikuwa limeteguka miezi miwili nyuma. Wa tatu alikuwa amehamia kutoka Kirando, nami nilikuwa nimemwona akicheza mara moja tu. Siku hiyo alicheza vizuri mno.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikawachukua wawili wa mwanzo, nikabandika orodha ukutani, nikaenda zangu. Mwenye goti alitoka kabla ya mapumziko, tukafungwa. Hilo halikuninyima usingizi, kwani mpira una kushinda na kushindwa.

Lililoniuma lilikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye. Nilikuwa stendi nikisubiri basi, mtu mzima akaniamkia.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alikuwa yule wa Kirando. Tulicheka, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akasema taratibu, “Mwalimu, miaka yote hii nimejiuliza uliona kasoro gani kwangu.”

Sikuwa nimeona kasoro yoyote. Upungufu ulikuwa wangu, yaani sikuwa nimemtazama vya kutosha. Lakini kwa kunyamaza, niliuhamishia upungufu huo kwake, naye akaubeba kama mzigo wake.

Wapo watakaosema kwamba mkuu hawezi kumweleza kila mtu sababu. Wana hoja, kwani mwenye kuamua akingoja uhakika hataamua kamwe. Hata hivyo, kumwacha mtu ni jambo moja, na kumwacha gizani ni jambo jingine. Mwaka 2018 kocha wa Taifa Stars, Emmanuel Amunike, aliwaacha wachezaji kadhaa wa Simba, akisema hawakuripoti kambini kwa wakati. Uamuzi ule ulilalamikiwa sana, lakini sababu ilijulikana na mlango haukufungwa. Erasto Nyoni, mmoja wa walioachwa, alirudi, na tarehe 24 Machi 2019 akafunga penalti Dar es Salaam tulipoishinda Uganda mabao 3 kwa 0. Tukaenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Tunawapima watu kila siku: mwalimu wa zamu, mjumbe wa kamati, hata mchumba wa binti yetu. Mizani yetu ni mibovu kuliko tunavyokiri. Kwa hiyo, unapomwacha mtu kwa kuwa hujamfahamu, mwambie, “Sijakujua bado.” Usimwache aondoke akidhani umemwambia, “Hufai.”

Maneno hayo yangenigharimu dakika mbili tu mbele ya ule ukuta.