Deni la Aliyevuka

Itajwapo habari ya utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri ngoma, mavazi na methali. Hayo ni kweli, lakini utamaduni wa watu hudhihirika zaidi wanapokutwa na shida ya pamoja njiani. Katika makala haya tunakusudia kujadili swali moja tu: je, mwenye gari lenye nguvu, akishavuka tope, ana deni lolote kwa waliokwama nyuma yake?

Wasafiri wa kusini wanaikumbuka njia ya Kibiti hadi Lindi jinsi ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na kabla ya lami kufika. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na kutoka hapo hadi Somanga, mwendo wa kilometa zipatazo 60, udongo uligeuka uji wakati wa masika. Mabasi na malori yalilala njiani. Yaliyokuwa na tumaini la kupita ni magari ambayo injini yake huvuta magurudumu yote manne.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulipita hapo ndani ya Land Rover. Dereva wetu alipunguza upepo wa matairi ili yakanyage kwa upana, akaingiza gia nzito, akashika mwendo mmoja bila kusita. Katikati ya tope tulikuta lori limezama hadi kwenye ekseli. Abiria wake walisimama kando, na mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mwenye homa. Walitupungia mikono. Hatukusimama. Tulipofika pakavu dereva alitugeukia, nasi tukamwambia aendelee.

Udhuru tulikuwa nao, wala haukuwa wa uongo. Kanuni ya tope ni kutosimama, kwani gari likipoteza mwendo huzama, na badala ya gari moja lililokwama huwa mawili. Lakini kanuni hiyo hukoma tope linapokoma. Pale pakavu tulikuwa na ardhi ngumu chini ya magurudumu na kamba ndefu nyuma ya viti. Tulichokosa si uwezo, bali nia. Tulichukua neno la haki kuhusu tope, tukalifanya kinga ya uchoyo wetu.

Wako watakaosema kwamba gari ni lao, mafuta ni yao, na msaada ni hiari, si deni. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Gari zito lipitapo matopeni huchimba mifereji miwili, na ajaye nyuma huikuta imekuwa mirefu kuliko magurudumu yake. Kwa hiyo aliyevuka hakuiacha njia kama alivyoikuta. Sehemu ya shida ya wenzake ameifanya yeye.

Hata gari lenyewe linatufundisha. Katika kila ekseli mna difu, nayo hugawa nguvu baina ya gurudumu la kulia na la kushoto. Gurudumu moja likikosa pa kushika, hilo huzunguka bure likirusha matope, na mwenzake aliye pagumu husimama tu. Gari haliendi. Ndiyo maana magari mengine huwekewa kifungo cha kuyafunga magurudumu hayo mawili yazunguke pamoja. Jamii nayo haivuki kwa kuwa baadhi yake wamesimama pakavu. Huvuka pale walio pakavu wanapofungamana na walio matopeni.

Siku ya kurudi, zamu ilikuwa yetu. Tulizama, na nguvu zote za gari hazikutufaa kitu. Wanakijiji walikuja na majembe, wakachimba mbele ya magurudumu, wakatandika matawi, wakasukuma hadi tukatoka. Hawakutaka malipo. Tulipokuwa tukiwashukuru, mzee mmoja alituuliza kwa upole kama si sisi tuliolipita lori siku ile. Aliuliza baada ya kusukuma, si kabla. Tukainamisha vichwa. Wala hatukuthubutu kuuliza habari za yule mtoto.

Leo njia hiyo ina lami, nasi tunafurahi. Lakini Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo hiyo eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama tena. Lami inaweza kuondoa tope, haiwezi kuondoa swali letu. Wahenga walisema: leo kwangu, kesho kwako. Sisi tungewaomba wasomaji wasiingoje kesho hiyo ndipo waamini. Matopeni usisimame, vuka kwanza. Ukishafika pakavu, fungua kamba, urudi.