Ukimya wa Nusu Bei

Nilipoisoma Hotel du Lac ya Anita Brookner, riwaya iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1984, nilikitamani kile chumba. Mwandishi wa hadithi za mapenzi anafikia kwenye hoteli ya kando ya ziwa, Uswisi, msimu ukiwa unaisha na wageni wamebaki wa kuhesabika. Nikasema siku moja na mimi. Sikujiuliza hata mara moja wahudumu wa hoteli kama ile wanalipwa nini mwezi huo.

Mwanza haina baridi ya kusimulia. Ila msimu mfu tunao: mvua za Machi hadi Mei, sikukuu zimepita, shule zimefunguliwa, na watalii wa kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka wamepungua. Mei iliyopita nilichukua siku nne za likizo, nikatua Mwanza, nikapanda bodaboda kuelekea Igombe, nikafikia hoteli ndogo ya ufukweni ambayo sitaitaja. Ukuta wa baraza bado una alama ya maji ya 2020, mwaka ziwa lilipojaa mpaka likaipita rekodi ya 1964. Nilikuwa na makala ndefu ya kumaliza. Nikaomba bei ipunguzwe. Kijana wa mapokezi akapiga simu, akaongea kidogo akiwa amenipa mgongo, akarudi na nusu. Nilijiona mjanja.

Kijana huyo huyo ndiye aliyebeba begi langu, akapika sato, akaniletea maji ya kunawa. Wenzake watano walikuwa makwao, wameambiwa wataitwa mambo yakichangamka. Kulipwa katikati hapo, hakuna. Yeye alibaki kwa sababu hana familia mjini na analala stoo, kwa hiyo usiku ni mlinzi. Haya aliyasema akiwa amesimama pembeni ya meza yangu na sinia mkononi, mimi macho kwenye kompyuta. Akauliza habari za Dar. Akauliza kama ni kweli uandishi wa habari unalipa. Nilimjibu neno moja moja, mwishowe nikasema, kwa upole kabisa, "Kaka, naomba nifanye kazi kidogo."

"Samahani, bosi." Akaenda jikoni. Redio iliyokuwa dirishani ikashuka sauti, kisha ikakatika.

Redio ndiyo iliyoniuma. Sikumwomba aizime.

Kwa hesabu za sokoni hakuna kosa. Chumba kingelala kitupu, na nusu ya bei ni bora kuliko sifuri. Naweza kukuandikia makala ya uchumi kulitetea hilo leo hii. Lakini nilichokifuata pale hakikuwa kitanda. Nilifuata ukimya, na ukimya ule ulitokana na watu watano kurudishwa nyumbani. Yule wa sita, ambaye huenda hakuwa amepata mtu wa kuongea naye kwa wiki nzima, nikamtaka aongeze na wa kwake. Punguzo nililopewa lilitoka mfukoni mwa nani hasa?

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo alipoeleza Ujamaa mwaka 1962, kwamba kwetu kila mtu alifanya kazi, hata mgeni. Tunaisikia kama onyo kwa wavivu. Mimi siku hizi naisikia pia kama ukaribisho, maana aliyeshika jembe anakuwa wa pale. Mgeni anayelipa hakabidhiwi chochote zaidi ya ufunguo.

Siku ya tatu, ikiwa ni mbalamwezi, nilitembea hadi mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki kwenye taa, basi mitumbwi inalala mchangani. Kumbe na wao wana msimu mfu, kila mwezi. Vijana walikuwa wanashona nyavu, wengine wako kwenye karata, mama mmoja anageuza dagaa wa mwisho juani. Nikawasalimu "Mwangaluka", wakacheka matamshi yangu. Mzee mmoja akanieleza kwamba wao wanakula kwa mgao: kisipopatikana kitu, tajiri mwenye mtumbwi naye hapati.

"Mwezi haujui tajiri," akasema.

"Sasa siku hizi mnakula nini, mzee?"

"Tunamkopa tajiri."

Basi, tusiupambe mwalo. Deni ni deni, na giza likirudi litakatwa. Bado niliona tofauti. Pale hasara ina tarehe, wote wanaihesabu kwa kutazama juu, na inawagusa wote, japo si sawasawa. Hotelini hakuna aliyewaambia wale watano watarudi lini. (Nilipiga picha za mitumbwi iliyolala. Nzuri sana. Sijazitumia.)

Jioni nilimwambia yule kijana nitalipa bei kamili.

"Ukilipa kamili inaenda kwa mwenye hoteli, bosi."

Nikamwomba basi akae, tule pamoja. Akatazama geti. Mwenye hoteli akipita akamkuta amekaa na mgeni, itakuwa ishu. Nikabeba kiti changu, nikaenda jikoni. Hapo sijui nilifanya vizuri au vibaya, maana mhudumu hana namna ya kumfukuza mgeni jikoni, na pengine jioni ile ndiyo alitaka kuwa peke yake. Alinitazama nimekaa pale kama mkaguzi wa afya, kisha akanisukumia kisu na vitunguu vitatu.

Nilikata vibaya, akavirudia. Tuliongea habari za Dar, za mama yake, za kazi yangu na inavyolipa, ambayo safari hii nilimtajia hadi tarakimu, akacheka. Baada ya muda nikamwambia anaweza kuwasha redio, mimi hainisumbui kabisa.

"Betri zilikufa usiku ule ule uliofika," akasema. "Nangoja mtu wa kwenda dukani."