Betri Moja Isibebe Peke Yake



Lori la jeshi la Marekani, M35, linatumia volti 24: betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Ukitaka kufunga redio ya volti 12, njia ya mkato ni kuvuta waya kwenye betri moja tu. Redio itaimba, sawa. Ila betri hiyo inachoka, ya pili inachajiwa kupita kiasi, mwisho zote zinakufa. Dawa ni kifaa cha kushusha volti, kinachokula kwa zote mbili sawasawa.

Sasa jiulize: nyumbani, kwaya, jumuiya, nani tunamchosha peke yake kwa kuwa hajui kukataa? Mama? Katibu? Wiki hii mpokee mzigo mmoja. Soma Wagalatia 6:2.