Mas'ala ya Nyumba ya Udongo

Huulizwa: mtu wa Dakawa, katika bonde la mto Wami, aliyerithi kwa babaye nyumba ya fito na udongo, je, ni aibu kwake kukaa humo asijenge kwa matofali ya kuchoma? Wengi husema ni aibu; na jawabu hilo halina asili ila kiburi.

Nyumba ya udongo husimamishwa kwa nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, kisha majirani hukusanyika kukandika, na ujira wao ni chakula. Ukuta wake mnene hukawia kupokea joto la mchana. Ama tofali la kuchoma, halipatikani ila kwa tanuu, na tanuu hula kuni za miti ambayo mwenyewe hakuipanda. Atazame milima ya Uluguru, upande wa pili wa Morogoro: misitu yake ndiyo chanzo cha mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Afyekaye huko kwa ajili ya tanuu huchukua haki ya mtu asiyemjua, wala haki hiyo haimo katika bei ya tofali.

Atasema mpinzani: udongo haustahimili maji. Ni kweli, wala halifichwi baada ya mafuriko ya Januari 2014 yaliyoingia Magole na Dumila. Lakini maji huanza kuula ukuta pale chini ugusapo ardhi. Basi msingi wa mawe ulioinuka, na upenu mrefu, na kukandika tena palipobomoka, ni wajibu wa mwenye nyumba. Na njia ya mto si mahali pa nyumba yoyote, ya udongo wala ya mawe.

Atasema tena: Sayyidna Uthman aliujenga msikiti wa Madina kwa mawe ya kuchongwa na mbao za msaji. Naam, jiwe si haramu. Lakini tangu kujengwa kwake mwaka 622 ulikuwa wa matofali mabichi, nguzo za mitende na paa la makuti yake, na Sayyidna Umar alipoupanua alitumia tena matofali mabichi na makuti. Nani atathubutu kuwaita wanyonge walioswali humo?

Mwenye uwezo anayo njia nyingine, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora uliihimiza: tofali la udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, halichomwi. Ama yule apakaye saruji ukuta wa mbele tu, ili wapitao barabara ya Dodoma wadhani nyumba yote ni ya mawe, saruji hiyo huuzuia unyevu ndani ya udongo, ikapasuka na kubanduka.