Waserbia na Urithi wa Sifa

Mgeni azuruye Belgrade aghalabu huwa amekwisha kuwahukumu wenyeji kabla hajawaamkia: ni watu wa vita, adai, kwa sababu ya risasi za Gavrilo Princip, Mserbia wa Bosnia aliyemuua mrithi wa ufalme wa Austria mwaka 1914, na mauaji ya Waislamu wa Bosnia huko Srebrenica mwaka 1995, kana kwamba dhambi hurithiwa pamoja na damu. Wenyeji huikataa hukumu hiyo kwa ghadhabu, nao wana haki, maana tangu Oktoba 1991 wanawake waliovaa nguo nyeusi walisimama kimya mjini humo, wakitukanwa na wapita njia, kuvilaani vita vilivyopiganwa kwa jina lao.

Lakini wenyeji hao hao hujinasibu na inadi kwa furaha, wakisimulia jinsi raia walivyojipanga juu ya madaraja mwaka 1999, alama ya shabaha vifuani, ndege za NATO zikishambulia. Hujinasibu pia na ukarimu wa slava, sikukuu ya mtakatifu ambaye mwana humrithi kwa babaye, ambapo mgeni asiyealikwa hupewa kwanza kijiko cha ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari. Basi ikiwa fadhila za kaumu zarithiwa, aibu zake zasamehewa kwa hoja gani? Karl Jaspers, Mjerumani aliyeichungua hatia ya taifa lake mwaka 1946, aliitenga jinai, iliyo ya mtu mmoja mmoja, na dhima ya siasa, inayowashika raia wote. Kwa rai yangu, mizani hiyo yawafaa Waserbia kuliko utetezi wao wenyewe, ila yawadai waache kujivunia inadi ya wengine, jambo ambalo sidhani watalikubali.