Amana ya Nafsi na Safari za Puto

Tarehe 5 Septemba 1862, James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa wa Greenwich, na Henry Coxwell, rubani mzoefu wa maputo, walipaa kutoka Wolverhampton, Uingereza, katika tenga lililoning'inia chini ya puto lililojazwa gesi ya makaa ya mawe, ili wapime baridi na unyevu wa hewa ya juu. Walipokaribia mita 8,800 Glaisher aliona mkono wake hauinuki, kisha shingo ikalegea, macho yakaingia kiza, akazimia. Naye Coxwell, aliyekuwa amekwea penye pete juu ya tenga kuikwamua kamba ya vali, akashuka mikono imekufa ganzi kwa baridi, akaing'ata kamba ile kwa meno akaivuta mpaka gesi ikatoka na puto likaanza kuteremka. Walikuwa wamechukua njiwa sita, ambao hapana aliyewataka ridhaa, na walipotua mmoja wao alikuwa maiti.

Je, ni halali mja, ambaye nafsi yake ni amana ya Mola wake, kuifikisha penye mauti kwa kutafuta ilimu? Tabibu aingiaye nyumba ya wenye tauni hatumlaumu, bali twamtukuza, kwa kuwa aijua hatari na ameipima kwa akili timamu. Wala Glaisher, kwa kadiri hiyo, simlaumu. Lakini hewa ya juu ina hila yake: huanza kwa kuinyang'anya ile akili yenyewe iliyokabidhiwa kuilinda amana, tena bila maumivu yoyote.

Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa kutoka Paris kwa puto liitwalo Zénith, nao walikuwa na oksijeni ya kuvuta. Walipopita mita 7,000 Sivel aliwauliza wenzake kama akate kamba za mifuko ya farumi ili wazidi kupanda. Tissandier akamwambia afanye apendavyo, Crocé-Spinelli akaitikia kwa kichwa, naye akazikata. Punde Tissandier alitaka kuufikia mrija wa oksijeni uliokuwa karibu naye, mkono ukakataa. Wala hakuingiwa na hofu, kwani alivyosimulia baadaye, moyo wake ulijaa furaha. Yeye alinusurika, masikio yake yakiwa yameharibika. Wenzake wawili walikufa humo tengani.

Ridhaa ile iliyotolewa huko juu, mimi siihesabu kuwa ridhaa, maana waliotoa jawabu hawakuwa tena wale waliofunga safari. Na kwa hiyo naona ilikuwa faradhi juu yao, wangali wamesimama ardhini na pumzi zao kamili, kuwekeana ahadi ya kiwango wasichokipita, na kuapa kwamba farumi haitakatwa baada ya kiwango hicho, hata kama wote watatu watakubaliana kwa furaha.