Nani Atamwambia Bingwa: Basi?

Wazee wa Kinshasa wangali wanasimulia usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974. Saa kumi ya usiku, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël, watu maelfu walilia kwa sauti moja: « Ali, boma ye! » Ni Kilingala, maana yake: Ali, mwue! Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, George Foreman 25. Foreman alikuwa amekwisha kupigana mara 40, wala hakuna aliyemshinda. Lakini katika raundi ya nane Ali alimwangusha, akawa tena bingwa wa dunia. Tangu siku ile twamhesabu kama mtu wetu.

Lakini alishinda namna gani? Katika ujana wake ngumi hazikumpata, kwa sababu miguu yake ilikuwa myepesi. Mwaka 1967 alikataa kwenda vita vya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu pasipo kupigana. Aliporudi mwaka 1970, miguu haikuwa tena ile ya zamani. Basi alijifunza njia nyingine, ndiyo kuvumilia. Kule Kinshasa alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman ampige mikononi, mbavuni, hata kichwani, mpaka yule kijana akachoka. Sisi tulisema: « Tazameni akili yake! » Kweli ilikuwa akili, lakini akili yenye kulipwa kwa mwili. Furaha yetu na maumivu yake vilikuja pamoja usiku ule ule.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 1975, alipigana na Joe Frazier karibu na Manila. Baada ya raundi kumi na nne macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, hakuona vema. Ilibaki raundi moja tu. Mwalimu wake, Eddie Futch, akamkataza kuinuka. Frazier alikataa, akataka kuendelea. Mwalimu hakugeuza neno lake. Hivi Frazier alishindwa, na Ali akashinda. Lakini katika pembe zile mbili, ni nani siku ile aliyekuwa na rafiki wa kweli? Tuliwaze neno hili.

Ali aliendelea. Mwaka 1977 alishinda Earnie Shavers, lakini alipigwa vikali sana. Mganga wake, Ferdie Pacheco, alisimulia kwamba alipata barua ya waganga yenye kuonyesha kwamba mafigo ya Ali yanaharibika. Akaipeleka kwa Ali na kwa watu wake, hakuna aliyemjibu. Basi Pacheco akaacha kazi ile. Ali aliaga mwaka 1979, kisha akarudi. Tarehe 2 Oktoba 1980, kule Las Vegas, alikuwa na miaka 38. Alipigana na Larry Holmes, aliyekuwa zamani kijana wake wa kufanya naye mazoezi. Waamuzi wote watatu hawakumpa Ali hata raundi moja.

Baada ya raundi ya kumi, mwalimu wake Angelo Dundee alisema: imetosha. Msaidizi mwingine akamshika nguo, akimsihi: raundi moja tena! Watu hawa wawili wote walimpenda Ali. Lakini mmoja alimpenda bingwa, na mwingine alimpenda mtu. Neno letu lote liko hapa.

Pengine mtatujibu: « Ali alikuwa mtu mzima. Mtu mzima hutawala mwili wake. » Ni kweli, hakuna anayeweza kumfunga kamba. Lakini mtu huchagua kwa kufuata yale anayosikia. Kama kila siku masikio yake yanasikia sifa tu, na kama wenye kula pamoja naye wanaogopa kumwambia kweli kwa sababu mkate wao watoka mikononi mwake, je, amechagua yeye peke yake? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa zetu nazo zilikuwa ngumi.

Wengine watasema: « Na Foreman je? » Hakika, yule yule aliyeangushwa Kinshasa aliacha ngumi miaka kumi, akarudi mwaka 1987, na mwaka 1994 akawa bingwa tena akiwa na miaka 45. Tunamheshimu. Lakini mtu mmoja akivuka mto wenye mamba, hatuwaambii watoto wetu kwamba mto hauna mamba.

Ali alipigana mara moja tena, Desemba 1981, katika visiwa vya Bahamas, akashindwa. Mwaka 1984 waganga walitambua kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilitetemeka, na ile sauti iliyochekesha dunia nzima ikafifia. Hatusemi kwamba ngumi peke yake zilileta ugonjwa. Waganga wenyewe hawapatani juu ya neno hili. Lakini kila mganga anajua kwamba ngumi za kichwa huharibu ubongo. Ali alikufa tarehe 3 Juni 2016, mwenye miaka 74.

Ndugu wasomaji, mabingwa si wa ngumi tu. Katika kila mji yuko dereva aliyesifiwa sana ambaye macho yake yamepungua, na fundi asiyeweza tena kupanda juu ya nyumba. Twawaogopa, au twapata faida kwao, basi twanyamaza na kuita unyamavu huo heshima. Sivyo. Heshima ni kwenda kwake jioni, bila watu, na kusema kwa upole: « Baba, umefanya vya kutosha. Sisi tutakukumbuka. Keti. »

Atakasirika, kama Frazier alivyokasirika. Tukubali hasira yake.

Usiku ule wa Las Vegas, Holmes alimwendea Ali chumbani, akalia. Yeye ndiye aliyempiga, naye alilia. Na sisi tulioketi mbali, tukitaka raundi moja tena, tulifanya nini?